Taka Zetu na Barabara Zetu

Hotuba ya Kamati ya Elimu mbele ya wanachama, Mwanga, Kigoma, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama



Twashukuru kupewa nafasi ya kusema katika siku hii ya furaha. Wenzetu waliotutangulia wamekwisha kuyahesabu mema ya miaka kumi, nasi hatuna haja ya kuyarudia. Sisi tumeombwa kusema juu ya jambo ambalo mtu akilisikia mara ya kwanza huenda akacheka. Jambo lenyewe ni taka za plastiki, na namna zinavyoweza kutiwa katika lami ya barabara. Twawaomba mtuvumilie, maana kicheko kitakwisha, na mwishoni tutakuwa na maombi matatu ya kuweka mbele ya mkutano huu.

Kila mkulima wa Kigoma aijua barabara kwa hasara aliyoipata juu yake. Mikungu ya chikichi ikikatwa haingoji. Ikikaa siku nyingi kabla ya kukamuliwa, asidi huzidi ndani ya mafuta na daraja la mawese hushuka. Mvua zinapoanza mwezi wa Oktoba au Novemba hata zikaishia Mei, mwenye shamba la mbali hukaa kando ya mzigo wake akisikiliza kama gari litapanda mlima au litakwama. Bei anayoipata mezani kwa mnunuzi imekwisha kukatwa njiani kabla hajafika. Kwa hiyo ushirika ukizungumza habari za barabara hautoki nje ya kazi yake. Barabara ni sehemu ya bei.

Sasa na tutazame upande wa taka. Tarehe 1 Juni 2019 Serikali yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na sokoni Mwanga, kama katika masoko mengine ya nchi, watu wakarudia vikapu na mifuko ya kitambaa. Wengi wetu tulidhani kwamba habari ya plastiki imekwisha. Lakini kanuni zile ziliacha nje plastiki zinazohitajiwa katika kilimo, viwandani, hospitalini na katika ujenzi. Maana yake ni kwamba sheria ilimwondolea plastiki mwenda sokoni, ikamwachia mkulima. Iliona kwamba hana njia nyingine iliyo rahisi, ikamwamini. Imani hiyo tumeitendeaje?

Hapa hapana budi tujisute wenyewe. Tangu mwaka 2018, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipokuja Kigoma kuhimiza zao la michikichi lifufuliwe, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kilipopewa kazi ya kuzalisha mbegu bora, vitalu vya miche vimeenea katika mkoa wetu. Kila mche hukulia ndani ya kiriba cheusi cha plastiki. Eka moja hupandwa michikichi 58 au karibu ya hapo. Basi mwenye eka 5 amepanda miche 290, na siku ya kupanda amechana viriba 290. Viko wapi leo? Ongezeni viroba vya mbolea, na madumu ya mawese yaliyopasuka. Vingine vimezikwa shambani, navyo haviozi. Vingine vimechukuliwa na maji. Na vingine, tuseme kweli, tumevichoma wenyewe nyuma ya ghala letu hili hili la Chama, na moshi wake ukawaingia watoto wa jirani zetu. Hatukumtuma mtu afanye hivyo, lakini pia hatukumkataza.

Mji wetu umekaa juu ya ziwa, na maji yote ya mvua hulitafuta ziwa. Kiriba kilichotupwa Mwanga hushuka na mtaro, na mtaro huishia pale pale wavuvi wanapoanika dagaa. Nalo Ziwa Tanganyika si ziwa la kujisafisha upesi. Kina chake chafikia mita 1,470, na mlango wake wa kutolea maji ni mmoja tu, Mto Lukuga, ulioko ng'ambo upande wa Kongo. Maji yanayoingia humo hukaa karne kadhaa kabla ya kutoka. Tukitiacho leo tumewatilia wajukuu wa wajukuu zetu, pamoja na jirani zetu wa Burundi, Kongo na Zambia, ambao mwaka 2003 walitia sahihi pamoja nasi mkataba wa kulitunza ziwa hili.

Basi mambo ni mawili, barabara mbovu na taka zisizooza. Je, yawezekana moja likamsaidia mwenziwe? Ili kujibu, yafaa kwanza tujue lami hufa kwa ugonjwa gani.

Barabara ya lami si lami tupu. Sehemu kubwa yake ni kokoto na mchanga, na lami ni kama gundi inayozishika kokoto zisiachane. Adui mkubwa wa gundi hiyo ni maji. Maji hupenya katika nyufa, yakajipenyeza baina ya kokoto na lami, na gari zito linapopita juu yake huyasukuma kwa nguvu hata lami ikabanduka kwenye jiwe. Kokoto moja ikitoka, jirani yake hana wa kumshika, naye hutoka. Ndivyo shimo linavyozaliwa. Adui wa pili ni joto. Jua kali huilainisha lami, na magurudumu huichimba mifereji.

Mwaka 2001, katika mji wa Madurai kusini mwa India, mwalimu wa kemia katika Chuo cha Uhandisi cha Thiagarajar, jina lake Rajagopalan Vasudevan, alianza kujaribu kutumia taka za plastiki katika kazi hiyo. Njia yake ni nyepesi kuielewa. Kokoto hupashwa moto hadi nyuzi 160 au 170. Plastiki safi iliyokatwakatwa vipande vidogo humwagwa juu ya kokoto hizo, nayo huyeyuka na kuzivika kila moja koti jembamba. Ndipo lami ya moto hutiwa. Jiwe lililovaa koti hilo halinywi maji, na lami hulishika kwa nguvu zaidi. Plastiki inayotumiwa ni kidogo, kwa desturi baina ya asilimia 6 na 10 ya uzito wa lami, na lami hupunguzwa kwa kadiri hiyo hiyo.

Mwaka 2002 mtaa wa Jambulingam, katika jiji la Chennai, ulitandikwa lami ya namna hiyo. Mwaka 2013 chama cha wahandisi wa barabara wa India kilitoa mwongozo wa kazi hiyo. Mwaka 2015 Serikali ya India iliagiza itumike katika barabara za karibu na miji mikubwa, na mwaka 2018 mwalimu yule alipewa nishani ya taifa iitwayo Padma Shri. Katika Afrika, mwaka 2019, kampuni ya Shisalanga ya Afrika Kusini ilitandika zaidi ya mita 400 za barabara huko Cliffdale, nje ya Durban, kwa lami yenye plastiki iliyolingana na chupa za maziwa 40,000 hivi. Na hapa jirani, jijini Nairobi, Bi. Nzambi Matee aliona kwamba si kila njia ihitajiyo lami. Yeye huchanganya plastiki na mchanga akatengeneza matofali ya kusakafia vijia na nyua, na kwa kazi hiyo mwaka 2020 alitunukiwa na Umoja wa Mataifa katika kundi la vijana watetezi wa dunia.

Hatuzisimulii habari hizi ili mtu atoke hapa akidhani kwamba siri iko kwenye mtambo. Mtambo wa kukatakata plastiki hununuliwa, na mtambo wa kuchanganya lami wanao makandarasi. Kazi ngumu iko kabla ya mitambo hiyo, katika kupanga madaraja ya taka. Na hapo, ndugu wanachama, ndipo tunapoamini kwamba ushirika una neno la kusema.

Plastiki si kitu kimoja. Geuzeni chombo chochote mtazame chini yake, mara nyingi mtaona namba ndani ya pembetatu ya mishale. Namba 1 ni chupa za maji na soda. Namba 2 ni madumu magumu, kama yale ya mawese. Namba 3 ni plastiki ya mabomba, iitwayo PVC. Namba 4 ni plastiki laini, na viriba vyetu vyeusi mara nyingi ni vya ukoo huo. Namba 5 ni viroba vilivyofumwa. Sasa sikilizeni tofauti zake. Namba 2 na namba 4 huyeyuka chini ya nyuzi 140, kwa hiyo hukubali joto la kokoto bila kuungua. Namba 5 huyeyuka karibu na nyuzi 165, nayo hufaa kwa uangalifu. Namba 1, yaani chupa zilizojaa mitaroni kuliko kitu kingine chochote, haziyeyuki mpaka joto likaribie nyuzi 250. Katika njia hii hazina kazi, na afadhali wauziwe wanaozinunua kwa kusagwa na kufanywa vitu vingine. Na namba 3 ni haramu kabisa. Ikipashwa moto hutoa gesi kali ya kuunguza mapafu, na ikichomwa huzaa sumu zinazokaa mwilini miaka mingi.

Mwaona basi. Kipande kimoja cha bomba kikijificha ndani ya gunia la viriba safi, gunia zima limekuwa hatari kwa vijana wanaosimama penye mtambo. Jambo hili twalijua tangu zamani kwa sura nyingine. Dumu moja la mawese lililotiwa maji huharibu pipa zima, na mwanachama mmoja asiye mwaminifu huwashushia bei wenzake wote. Kwa miaka kumi Chama hiki kimekuwa kikifundisha kitu kimoja, nacho ni kwamba mtu apeleke ghalani mzigo wake kama ulivyo, autaje daraja lake kwa kweli, na jina lake liandikwe kitabuni. Anayeokota taka peke yake barabarani hana kitabu wala mizani. Sisi tunavyo. Tunavyo na vituo vya kupokelea mazao, na makarani waliozoea kukataa mzigo mbaya hata ukiletwa na rafiki.

Tufanye hesabu kidogo. Hesabu inayotajwa India ni kwamba kilomita 1 ya barabara nyembamba, yenye upana wa mita 3.75, hutumia tani 10 hivi za lami, na plastiki yaweza kushika nafasi ya tani 1 katika hizo. Wanachama 100, kila mmoja akileta kilo 1 kwa mwezi, kwa mwaka watakuwa wameleta kilo 1,200. Yaani wanachama 100 wangeweza kutimiza plastiki ya kilomita 1 na zaidi.

Hesabu hii yatamanisha, na kwa sababu hiyo yataka tahadhari. Zile tani 9 nyingine za lami bado ni za kununuliwa. Kokoto bado ni za kupondwa, na msingi bado ni wa kushindiliwa. Plastiki haijengi barabara. Huisaidia tu barabara ambayo imekwisha kuamuliwa kujengwa, ikadumu zaidi. Atakayekuja kwenu akisema, "Leteni taka, tutawapa barabara," msimwamini. Kadhalika hakuna koti la plastiki litakaloiokoa barabara isiyo na mtaro. Maji yakizuiwa kando yake yataula msingi kutoka chini, na lami itazama hata kama ni ya namna gani. Mtaro ulioziba kwa taka huua barabara mbili, ile iliyopo na ile ambayo taka hizo zingeisaidia.

Wako pia waliotuuliza swali la haki, nasi hatutaki kulikwepa. Wamesema, "Magurudumu yakiisugua barabara hiyo, je, hayatatoa vumbi la plastiki, na vumbi hilo si litarudi ziwani mle mle?" Swali hili wataalamu wa nchi nyingi wangali wakilipima. Ni kweli kwamba kila barabara hulika, na kila tairi hulika, na vumbi lake huchukuliwa na mvua. Kwa hiyo rai yetu ni kwamba jaribio la kwanza lisifanywe karibu na mwalo wala penye mtaro unaomwaga moja kwa moja ziwani, na mahali litakapofanywa pafanyiwe uchunguzi. Lakini tuwe waadilifu katika kulinganisha. Kiriba kilichovikwa kwenye jiwe chini ya lami hakilingani na kiriba kilichochomwa nyuma ya ghala, wala na kile kinachoelea Kibirizi. Hivi viwili vya mwisho ndivyo tulivyo navyo leo.

Ndugu wanachama, wako watakaosema kwamba kazi ya ushirika ni mazao, na taka ni kazi ya Manispaa. Neno hilo lina nusu ya ukweli. Barabara zi mikononi mwa Serikali, yaani TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa, na TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, kwa barabara za mijini na vijijini. Chama hakina ruhusa ya kutandika lami hata hatua moja, wala hakitaki. Lakini zile kanuni saba za ushirika, zilizokubaliwa na vyama vya dunia nzima mjini Manchester mwaka 1995, ya saba yake ni kuijali jamii tunamoishi. Na viriba ni vyetu. Tulivinunua kwa fedha yetu na kwa faida yetu. Mwenye kula nazi ndiye wa kuyaondoa makumbi.

Baada ya maelezo hayo twaweka mbele ya mkutano maombi matatu.

Ombi la kwanza halina gharama, nalo laweza kuanza kesho. Tuazimie kwamba tangu leo hakuna plastiki itakayochomwa katika eneo lolote la Chama. Mwenyekiti mwenyewe na awe mlinzi wa kwanza wa azimio hili.

Ombi la pili ni kwamba kila kituo cha kupokelea mazao kitenge pembe yenye paa, na magunia mawili yaliyoandikwa. Moja liwe la viriba na plastiki laini, na moja la madumu yaliyopasuka. Mwanachama aletaye aikung'ute taka yake udongo, aioshe kwa maji machache mbali na kisima, aikaushe juani, ndipo ipimwe. Kiriba chenye udongo hudanganya mizani, na udongo huo ukifika juu ya kokoto huzuia plastiki isishike. Karani aandike kilo na jina, na kila chenye namba 3 akirudishe. Hata kama barabara haitapatikana upesi, taka iliyopangwa madaraja huweza kuuzwa, na iliyochanganywa haina mnunuzi.

Ombi la tatu ni kwamba Bodi iwaandikie wahandisi wa TARURA na Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma Ujiji, kuwaomba watuchagulie mita 100 tu katika kipande ambacho wamekwisha kukiwekea fungu la lami. Mita 50 ziwe za lami ya kawaida, na mita 50 ziwe za lami yenye plastiki yetu, baada ya maabara kuupima mchanganyiko wake na kuuridhia. Kisha tuziache zipigwe na mvua za misimu miwili, zikanyagwe na malori yetu wenyewe, na mhandisi aje ahesabu mashimo ya kila upande mbele ya macho yetu. Ikiwa upande wetu umeshinda, tutakuwa na neno la kusema mbele ya mkoa mzima. Ikiwa umeshindwa, tutakuwa tumejua kweli kwa gharama ndogo, na viriba vyetu vitakuwa vimetoka mashambani hata hivyo.

Tunamaliza. Watu wa nchi hii huuita mji wetu mwisho wa reli, na jina hilo hatulionei haya. Lakini mtu akaaye mwisho wa reli hujifunza kwamba kitu kilichokwisha kufika kwake ni vigumu kurudi kilikotoka. Plastiki imefika kwa reli, kwa barabara na kwa meli, nayo haina safari ya kurudi. Itabaki kwetu, ama ndani ya ziwa, ama ndani ya vifua vya watoto wetu, ama chini ya magurudumu ya gari linalobeba mawese kwenda sokoni. Miaka kumi iliyopita wengi walidhani kwamba wakulima wa hapa hawawezi kuweka mazao yao katika ghala moja bila kuibiana. Tuliwajibu kwa kitabu na mizani. Twaomba mkutano huu uturuhusu tuvitumie tena.

Chama chetu na kidumu.